Dengu na Ufuta Ndani ya Bakuli Moja

Hapa London ninapoishi ni nadra kuona duka la chakula lisilokuwa na kikopo cha hummus ndani ya jokofu lake, nao ni ule uji mzito wa dengu ambao watu huchovea mkate, matango na karoti mbichi. Na aghalabu sisi tuliotoka pwani hukipita kikopo hicho kwa kukidhania kuwa ni kitu cha kigeni, au hukinunua kwa bei isiyo na huruma, ilhali vitu viwili vilivyo nguzo yake ni mazao ya kwetu: dengu, zinazopandwa mvua zikielekea kwisha katika udongo mweusi wa Shinyanga, Mwanza na Simiyu, na ufuta, ulio tegemeo la mkulima wa Lindi na Mtwara.

Hummus ni neno la Kiarabu, na maana yake ni dengu tu. Jina lake kamili, hummus bi tahina, ni dengu kwa rojo la ufuta uliosagwa. Mmea wenyewe ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita kusini-mashariki ya nchi iitwayo leo Uturuki, na vitabu vya upishi vya Sham na Misri vya karne za 13 na 14 vyataja dengu zilizopondwa na kuungwa kwa viungo. Siku hizi daawa ya nani mwenyewe haikatiki baina ya Walebanoni, Wapalestina, Wasiria na Waisraeli. Hata mwaka 2010 wapishi wa Lebanoni walitengeneza sinia la kilo 10,452, hesabu iliyo sawasawa na kilomita za mraba za nchi yao, ili dunia ipate ithibati. Katika mashindano hayo yote mkulima hatajwi, sembuse yule wa mbali ambaye dengu zake nyingi huvuka bahari kwenda India na ufuta wake China.

Ama kuhusu upishi, kazi ni ya nusu saa. Mimina kopo moja la dengu la gramu 400 katika chujio, uzisuuze vyema ili chumvi ya kopo ipungue, kisha uzichemshe kwa dakika 20 katika maji mapya yenye nusu kijiko cha chai cha magadi ya kuokea. Na hapa ndipo bibi zetu, waliotia magadi katika maharage makavu pasipo kusoma kemia, wanapothibitika kuwa walimu, maadamu magadi huulegeza ule utando unaoshikamanisha ganda na punje, hata dengu zikalainika kama siagi. Wakati zinachemka, choma pilipili hoho moja nyekundu juu ya moto mpaka ngozi yake iwe nyeusi, uimenye na kuondoa mbegu.

Katika mashine ya kusagia tia kwanza vijiko vitatu vya chakula vya tahina, maji ya limau moja, punje ya kitunguu thomu, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba na chumvi kidogo. Rojo litakaza ghafla kama lililoharibika, nawe usitaharuki, bali ongeza maji baridi kijiko baada ya kijiko, na litalegea na kuwa jeupe. Hapo ndipo utie dengu zilizochujwa na ile hoho, usage mpaka chenga zitoweke, kisha unyunyize mafuta ya zeituni juu yake.

Faida yake si ndogo, kwani kikombe cha dengu zilizopikwa kina protini yapata gramu 14 na nyuzinyuzi yapata gramu 12, na utamu wake hautaki nyama wala sukari. Ila muulize mgeni wako kabla ya kumkaribisha, kwa sababu wako watu ambao miili yao huukataa ufuta kwa hatari kubwa. Na kitakachobaki kifunikwe katika jokofu, kiliwe ndani ya siku tatu.

Nami tangu nijue kupika hivi, kikopo cha dukani hakinishughulishi tena. Na jirani akiniuliza nimejifunza wapi chakula cha Waarabu, humjibu kwamba Waarabu wamenipa tahina na jina, lakini magadi nimeyarithi jikoni kwetu.