Kipokezi TLR4
Kipokezi TLR4 ni protini iliyo kwenye utando wa seli za kinga, hasa makrofaji. Hutambua lipopolisakaridi, sumu ya ukuta wa nje wa bakteria kama Salmonella. Kikiguswa nayo, seli hutoa kemikali zinazoleta homa na uvimbe na kuita seli nyingine za kinga.

Mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake nchini Marekani walionyesha kazi hiyo kwa kuchunguza panya wenye TLR4 yenye kasoro. Panya hao hawadhuriki na sumu yenyewe, lakini hufa upesi wakiambukizwa Salmonella hai. Beutler alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011.

Kemikali hizo zikizidi, mishipa ya damu huvuja, shinikizo la damu hushuka na mgonjwa anaweza kufa kwa sepsisi.