Binti wa Kilifi Katika Mteremko wa Theluji

Mkazi wa Bugendana hahitaji kufundishwa mteremko ni kitu gani. Huwaona waendesha baiskeli wakishuka kilimani na shehena za ndizi, naye ajua kwamba kosa dogo la mkono laweza kumtupa mtu bondeni. Lakini kuushuka mlima wa theluji kwa kasi ya gari, juu ya mbao mbili nyembamba, ni jambo tulilozoea kulihesabu kuwa la watu wa mbali. Hata hivyo, mmoja wa mabinti walioufanya mchezo huo ni mzaliwa wa Afrika Mashariki.

Sabrina Wanjiku Simader alizaliwa Kilifi, pwani ya Kenya, mwezi Aprili 1998. Miezi miwili kabla ya hapo, Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushindana katika Olimpiki ya Majira ya Baridi, huko Nagano, Japani. Boit alishiriki mbio za masafa juu ya theluji. Mbio za mteremko zilikuwa bado zikimngoja Mkenya wake.

Sabrina alipokuwa na umri wa miaka 3, mama yake alihamia naye Austria. Huko baba yake wa kambo alikuwa na lifti ya kuwapandisha watelezaji mlimani, naye ndiye aliyemwingiza katika mchezo huo. Mwaka 2012 mlezi huyo alifariki, binti akiwa hajatimiza miaka 15. Vifaa, safari na makocha wa mchezo huu hugharimu fedha nyingi, na wengi wangeuacha. Sabrina hakuuacha.

Mwaka 2017 alishiriki mashindano ya ubingwa wa dunia huko St. Moritz, Uswisi. Februari 2018, huko Pyeongchang, Korea Kusini, aliibeba bendera ya Kenya akiwa mwanamichezo pekee wa nchi yake.

Moja ya mbio zake ilikuwa ile iitwayo supa-ji. Mshindani haruhusiwi kuijaribu njia kwa kasi. Huikagua tu, akayakariri malango yake, kisha hushuka mara moja. Akikosa lango moja, ametoka. Siku hiyo Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki alishinda kwa tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Sabrina alifika chini salama, akawa wa 38.

Nafasi hiyo haina medali. Lakini askari na polisi wajua thamani ya kuimaliza kazi ambayo hairudiwi. Nasi wazazi tuna funzo letu: mlango wa binti huyu ulifunguliwa na mtu asiyemzaa, aliyempa ujuzi aliokuwa nao. Wahenga walisema, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Je, mtoto wa kambo aliyemo nyumbani mwako umempa nini?