Wera ya Studio: Kabla Jimmy Page Awe Jimmy Page

Ngoma inaitwa "Diamonds". Ni ya Jet Harris na Tony Meehan, na mwisho wa Januari 1963 ilikuwa namba moja Uingereza. Iskize poa, chini chini utapata gitaa ya akustiki inasukuma ridhimu bila makelele. Huyo ni Jimmy Page, chali wa Epsom, ndio ametoka tu kugonga miaka 19. Redio haikumtaja, na wasee walionunua hiyo rekodi hawakuwa na rada yeye ni nani. Aliishi hivyo hadi 1966, na mimi naamini kabisa bila hiyo miaka hakungekuwa na Led Zeppelin.

Wengi wetu tunamjua Page wa picha: nywele ndefu, gitaa ya shingo mbili, uwanja mzima umepagawa. Sina noma na huyo. Lakini mwenye hunibamba zaidi ni yule wa kabla, msee wa kuitwa na simu, anaingia studio na gitaa yake, anachapa kenye ameambiwa, anashika doo yake, anahepa.

Aliingiaje huko? Alikuwa na bendi ya Neil Christian and the Crusaders, kazi ni kuzunguka Uingereza usiku na mchana, kulala ovyo, kumanga ovyo. Mwili ukakataa. Homa ya tezi ikamwangusha, akasare barabara, akaingia chuo cha sanaa huko Sutton. Gitaa haikumwachilia lakini. Jioni angeibuka Marquee Club, London, anajichanganya na wanamuziki wa bluzi, na watu wa kurekodi wakaanza kumcheki. Huyu dogo ni moto, aletwe.

Sasa, siku ya hiyo "Diamonds" Meehan alimwekea karatasi ya nota mbele. Page hakuwa anajua kusoma nota. Mwenyewe amewahi kusema zilikuwa zinakaa ka kunguru wamejipanga kwa nyaya za simu. Alichoma picha, ikabidi apewe akustiki achape ridhimu tu. Angeweza kusanda hapo. Badala yake alikaa chini akajifunza kusoma, pole pole, juu bila nota simu ingeacha kulia.

Lazima uelewe vile hiyo wera ilikuwa inaendeshwa. Seshoni moja ni masaa matatu, sheria ya chama cha wanamuziki. Ndani ya hayo masaa prodyuza anataka upande A, upande B, na ikiwezekana kitu juu. Studio ni ganji, tepu ni ganji, na vijana wa bendi mara nyingi ni mara yao ya kwanza kuona ile taa nyekundu ikiwaka. Mikono inatetemeka. Kwa hivyo prodyuza anaita mafundi, wasee hawakosei. Kwa ngoma alikuwa Bobby Graham ama Clem Cattini. Kwa gitaa alikuwa Vic Flick, yule wa gitaa ya James Bond, na Big Jim Sullivan. Juu Big Jim alikuwa tayari na jina, Page akaitwa Little Jim. Alikuwa dogo kati ya wazae.

Wiki ikiwa mbaya, seshoni ni tatu kwa siku. Asubuhi uko Decca pale West Hampstead, mchana uko Pye karibu na Marble Arch, jioni IBC, Portland Place. Na hauambiwi unaenda kuchapa nini. Inaweza kuwa ngoma ya vijana, inaweza kuwa filamu, inaweza kuwa tangazo la biashara. Unafungua mlango ndio ujue. Silaha yake ilikuwa Gibson Les Paul Custom nyeusi, pikapu tatu, alinunua pauni 185. Na alikuwa na kitu wengi hawakuwa nacho: kisanduku cha fuzz cha kufanya gitaa ikwaruze, alitengenezewa na Roger Mayer, msee wa elektroniki aliyekuwa akifanyia jeshi la majini kazi ya utafiti wa sauti.

Mwaka wa 1964 ni wazimu tupu. "Downtown" ya Petula Clark, Page yuko ndani na Sullivan na Flick. "As Tears Go By" ya Marianne Faithfull, yuko. Halafu "Goldfinger" ya Shirley Bassey. Hiyo ndio ningetoa chochote niwe nimesimama kwa kona. Okestra nzima imejaa, John Barry anaongoza, na Page ni mmoja tu wa wapiga gitaa. Amesimulia vile Bassey aliingia, akavua koti, akaenda moja kwa moja kwa maiki. Ile nota ya mwisho, unaijua, ile haiishi. Akaishika hadi pumzi ikaisha, halafu akaanguka chini. Chali wa miaka 20 ameketi hapo na gitaa mapajani, anaona kwa macho mtu akimwaga kila kitu kwa ngoma moja. Kuna chuo gani kitakufunza hiyo?

Shel Talmy, prodyuza Mmarekani, ndiye alimpeleka kwa The Kinks na The Who. Kwa albamu ya kwanza ya Kinks alichapa ridhimu. Kuna mdomo wa miaka mingi ati solo ya "You Really Got Me" ni yake. Si yake. Ni ya Dave Davies wa Kinks, na Page mwenyewe amekana. Hii mambo hunichoma, juu ukipigania jina la msee hakuandikwa, huwezi tena kumnyang'anya kijana wa miaka 17 solo yake. Kwa "I Can't Explain" ya The Who, Pete Townshend ndiye ako mbele, Page yuko nyuma kwa ridhimu, karibu humskii. Geuza rekodi sasa, upande B, "Bald Headed Woman". Ile gitaa inanguruma ni fuzz ya Page.

Aliwahi kujaribu kutoka mbele na jina lake. Februari 1965, lebo ya Fontana ilitoa "She Just Satisfies", anaimba mwenyewe, anachapa karibu kila kitu, Bobby Graham kwa ngoma. Haikushika. Akarudi wera.

Mwishowe ilimchosha. Muziki wa lebo ya Stax kutoka Marekani ulikuwa umeteka London, kila prodyuza anataka tarumbeta, gitaa inasukumwa kando. Kilichommaliza ni seshoni ya muzak, ile muziki ya kuwekwa kwa lifti na maduka. Unageuza karatasi, unachapa, unageuza, unachapa, hakuna mtu anajali. Akasema imetosha. Katikati ya 1966 aliingia The Yardbirds, akaanza na besi, na doo ikapungua sana.

Lakini cheki kenye alibeba. Alikuwa amekaa miaka akitazama mainjinia wakifungia wapiga ngoma kwa kibanda kidogo, maiki imebanwa karibu, ngoma inatoka ka boksi la katoni. Alijua kabisa hataki hiyo. Kwa Led Zeppelin, bendi aliyokuja kuunda baadaye, maiki zingine zilirudishwa nyuma, chumba chenyewe kikaskika, na mpiga ngoma John Bonham akapumua. Besi alichukua John Paul Jones, fundi mwenzake wa hizo seshoni, aliyemtafuta mwenyewe 1968 aliposkia Page anaunda bendi. Albamu ya kwanza walirekodi Olympic Studios mwaka huo huo, kama masaa 36 yote kwa jumla, na bili Page alilipa kutoka kwa mfuko wake. Prodyuza alikuwa yeye. Safari hii jina liliandikwa.

Ukitaka kuanza mahali, anza na "Bald Headed Woman". Vaa hedifoni, ongeza sauti, umtafute hapo ndani.