Fidla Hufundishwa na Mwanafunzi Mkubwa

Pita Jumapili kwenye sharika za Kanisa la Kilutheri (KKKT) kati ya Ilboru na Usa River, utasikia matarumbeta. Fidla ni nadra mno. Wamisionari wa Leipzig, waliofungua Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, walitoka Ujerumani, ambako kupiga tarumbeta kanisani ni desturi ya siku nyingi, na desturi hiyo ikaota mizizi kwenye miteremko ya Mlima Meru. Fidla yenyewe iliingia nchini kwa mlango wa pwani, pamoja na taarab. Klabu ya Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905, imeirithisha kizazi kwa kizazi.

Wazazi wengi hapa Arusha wanaamini kwamba fidla ni ya mtoto wa tajiri anayelipiwa mwalimu wake peke yake. Imani hiyo inanisikitisha, kwa sababu historia ya Italia, nyumbani kwa chombo hiki, inasema vingine kabisa.

Mwaka 1703 padri kijana, Antonio Vivaldi, aliajiriwa kufundisha fidla katika Ospedale della Pietà mjini Venice. Pietà ilikuwa makao ya watoto waliotelekezwa. Wasichana waliolelewa humo na kuonekana wana kipaji walifundishwa kuimba na kupiga vyombo, nao wakapiga vizuri hata wageni wakasafiri kutoka nchi za mbali kuwasikiliza. Vivaldi mmoja asingetosha kwa wote. Kazi ya kila siku ilibebwa na wanafunzi wenyewe: waliokwisha kuiva waliwafundisha wadogo, na baadhi yao walibaki humo maisha yao yote wakiwa walimu. Napoli nako, vyuo vya muziki vilianzia kwenye nyumba za yatima.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni barua moja. Giuseppe Tartini, aliyekuwa na shule ya fidla mjini Padova, alimwandikia mwaka 1760 Maddalena Lombardini, msichana aliyelelewa katika Mendicanti, makao mengine ya Venice. Hakumtumia wimbo wa kujifunza. Alimwambia aanze na upinde: auweke juu ya uzi mmoja, bila kidole chochote cha kushoto, sauti ianze kama pumzi, kisha ikue polepole kutoka ndogo kabisa hadi kubwa kabisa. Halafu arudi vivyo hivyo, kutoka ncha hadi shikio. Alimtaka afanye hivyo saa nzima kwa siku, asubuhi kidogo na jioni kidogo.

Jaribu na mwanafunzi mpya utaona Tartini alilenga nini. Karibu na mkono upinde ni mzito, kwenye ncha ni mwepesi. Mkono usipofidia tofauti hiyo, uzi unakwaruza mwanzoni na kufa mwishoni. Hilo halionekani kwenye karatasi ya noti. Anahitajika mtu wa kusimama pembeni, kulegeza bega lako na kukuambia: rudia.

Mkono wa kushoto una shida yake. Shingo ya fidla haina vizuizi kama vya gitaa, hivyo kidole kikisogea milimita moja sauti imeharibika. Lakini uhuru huohuo ndio unaomwezesha mpiga taarab kufikia robo toni za maqamu, yaani mizani ya sauti ya Kiarabu, ambazo kinanda cha kawaida hakina. Sikio la mwanafunzi hufunzwa kwa kukaa na waliomtangulia. Klabu za Unguja zilifanya hivyo miaka mingi kabla ya Dhow Countries Music Academy kuanza kufundisha Mji Mkongwe mwaka 2002, na chuo hicho kikaongeza noti bila kuwaacha mafundi wa zamani.

Kwa hiyo naamini Meru haina upungufu wa mfumo. Katika bendi ya tarumbeta kijana wa miaka kumi na sita humshika mkono mwenzake wa miaka kumi, na noti wanazisoma. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, palepale Usa River, kinafundisha shahada ya muziki. Kinachopungua ni vyombo, na mwalimu wa kuwaanzisha wawili watatu.

Usharika ungenipa fidla nne, ningechagua vijana wanne kutoka kwenye bendi. Miezi ya mwanzo wasingepiga wimbo wowote, upinde tu juu ya uzi mtupu, asubuhi kidogo na jioni kidogo. Wakishaweza, kila mmoja angepewa mtoto mmoja wa kumfundisha, fidla ileile wakipokezana.