Bruda ya gesi yataka hewa, si banda lililozibwa

JUNI na Julai katika nyanda za juu kusini, kuanzia Mafinga hadi Njombe na Makete, ni miezi ambayo mfugaji wa kuku huogopa usiku kuliko magonjwa. Joto la nje huweza kushuka chini ya nyuzi 10, wakati kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi kati ya 32 na 34 ili aweze kula na kunywa. Tofauti hiyo ya zaidi ya nyuzi 20 hununuliwa kwa mkaa au, kwa wale waliokwisha kuchoka na majivu na moshi, kwa gesi ya mitungi.

Gesi ina faida zake. Moto wake huongezwa na kupunguzwa kwa koki, na hakuna haja ya kuamka saa nane za usiku kuchochea. Lakini kwa kuwa inanunuliwa kwa kilo, mfugaji hufanya jambo linaloonekana kuwa la busara: huziba kila tundu ili joto lisipotee. Magunia madirishani, nailoni chini ya paa, matambara mlangoni. Hapo ndipo hasara huanzia, na pengine msiba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bruda ndogo yenye nguvu ya kilowati 1 hutumia takriban gramu 75 za gesi kwa saa. Kuanzia jioni hadi asubuhi, saa 13 hivi, inakuwa imekula kilo moja. Kilo hiyo haiwezi kuungua vizuri bila kupata hewa kiasi cha mita za ujazo 13. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina hewa mita za ujazo 22.5 tu. Kikizibwa kabisa, moto peke yake utataka zaidi ya nusu ya hewa yote kabla ya kupambazuka, achilia mbali vifaranga 300 wanaopumua humo humo. Hautaipata. Mapema zaidi ya hapo gesi huanza kuungua nusunusu na kutoa kaboni monoksaidi, sumu ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani.

Wengi hujipa moyo kwamba hawasikii harufu yoyote. Harufu ya gesi huongezwa kwa makusudi ili kuonya pale gesi inapovuja. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na mtu huisikia kichwani kwanza: maumivu, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito.

Kilo hiyo hiyo ya gesi ikiungua hutoa pia mvuke wa maji upatao lita moja na nusu. Banda likiwa limezibwa, maji hayo hutua kwenye maranda. Asubuhi matandiko yamelowa, amonia inachoma macho, na ugonjwa wa koksidia umepata mahali pa kuzaliana.

Hasara nyingine huchelewa kuonekana. Kuku wa nyama waliolelewa kwenye baridi na hewa haba, hasa maeneo ya miinuko mikubwa ambako hewa ni nyepesi tangu mwanzo, huweza kujaa maji tumboni na kufa wakiwa na wiki nne au tano. Wakati huo kila mmoja amekwisha kula karibu kilo 3 za chakula. Mfugaji humlaumu muuza chakula au aliyemuuzia vifaranga, wala hakumbuki yale magunia ya wiki ya kwanza.

Mtungi wa kilo 15 ukiendesha bruda hiyo kwa nguvu zote hudumu saa 200, yaani siku nane. Tuseme kuacha matundu kunaongeza matumizi ya gesi kwa sehemu moja ya tano: ni kilo 3 kwa kila mtungi. Kuku wanane wakifa wiki ya tano, wamekwenda na kilo 24 za chakula. Kila mfugaji anajua bei za kwake. Aziweke hapo aone.

Kupitisha hewa si kuwapuliza vifaranga upepo. Upepo huzuiwa chini, kwa mduara wa ubao au karatasi ngumu wenye kimo cha sentimita 45 hivi kuwazunguka. Juu, karibu na paa, pande mbili za banda ziachwe wazi usiku kucha, maana hewa chafu yenye joto hupanda na kutokea huko. Tundu moja au mawili yawe pia chini ya ukuta, mbali na mduara. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni.

Bruda yenyewe ining'inizwe kwa mnyororo imara, kamwe si kwa mpira wake wa gesi, katika kimo alichoandika mtengenezaji. Ile inayokata gesi yenyewe moto unapozimika inastahili nyongeza ya bei. Jiko dogo la kupikia linalokaa juu ya mtungi, ambalo baadhi huliweka katikati ya vifaranga na kulifunika kwa sufuria, halifai kabisa: moto uko juu ya mtungi, maranda yako pembeni, na aghalabu hakuna kinachokata gesi.

Mtungi ukae nje, wima, mahali tambarare penye kivuli, mbali na mlango na mifereji. Regulata ilingane na mgandamizo ulioandikwa kwenye bruda, si ile ya majiko makubwa ya mama lishe iliyobaki nyumbani. Ndani ya banda, bomba la chuma au shaba ni bora kuliko mpira, na sababu ni panya. Kazi hii ni ya fundi wa gesi, lakini mwenye banda anaweza kupaka povu la sabuni kila kiungio kila anapobadili mtungi. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Kiberiti hakipimi uvujaji. Harufu ikisikika, koki ya mtungi ifungwe, milango ifunguliwe, swichi ya taa isiguswe, watu watoke.

Kabla ya kila kundi jipya bruda isafishwe, kwani vumbi la maranda na manyoya huziba njia ya hewa na kuugeuza moto wa buluu kuwa wa njano.

Limebaki suala la mlinzi. Katika nyumba nyingi kijana au mama mwenye kuku hulala humo humo na vifaranga, au chumba kinachopakana nao chenye mlango wa ndani. Asilale humo. Kipimajoto kitundikwe usawa wa migongo ya vifaranga, upande unaoonekana kutoka dirishani, ili kisomwe kwa tochi mtu akiwa nje.