Ubongo wa Mtoto Kiziwi Haungoji

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba mtoto kiziwi akifunzwa ishara mapema atakuwa mvivu wa kusema. Sikubaliani nao. Mwaka 1991, Laura Ann Petitto na Paula Marentette walionyesha kwamba watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi hubwabwaja kwa mikono, kama wenzao wabwabwajavyo kwa midomo. Ubongo huitafuta lugha, iwe kwa sikio au kwa jicho.

Hata hivyo, haungoji. Mwaka 1990, Elissa Newport alionyesha kwamba walioanza Lugha ya Ishara ya Marekani baada ya umri wa miaka 12 hawakuwafikia kisarufi walioipata tangu kuzaliwa, hata baada ya kuitumia miaka 30.

Katiba ya 2010 inaiagiza Serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya. Samaki mkunje angali mbichi: tuanze nyumbani, kabla ya darasa la kwanza.