Kutoa ni Moyo: Chombo kwa Vijana wa Tongoni

Tongoni ni kijiji cha kale katika pwani ya Tanga, yapata kilomita 17 kusini mwa mji, kando ya njia iendayo Pangani. Jina lake latokana na neno tongo, yaani mahame. Hapo yapo magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya karne ya 14 na ya 15, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nguzo nyingi za makaburi hayo zimekwisha kuanguka. Wageni huja wakayatazama, wakastaajabu, wakaenda zao.

Watu waliokaa hapo zamani walikuwa wachuuzi hodari. Mwezi wa Aprili mwaka 1498, merikebu moja ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilipanda mwambani mbele ya pwani hii, iliyojulikana kwa jina la Mtang'ata. Wenyeji wakaiendea kwa vyombo vyao, kimoja kikiwa kimesheheni machungwa ambayo Wareno wenyewe walikiri kuwa ni mazuri kuliko ya kwao. Januari 1499, wageni hao waliporudi kutoka Bara Hindi na kuichoma merikebu ileile kwa uchache wa mabaharia, watu wa mji wakawaletea kuku wengi, wakabadilishana nao kwa mashati na vikuku. Walikuwa na vyombo, walikuwa na mazao, na kwa hiyo walikuwa na la kuuza siku mteja alipotokea.

Kijana wa leo wa Tongoni hakupungukiwa na bidii wala maarifa ya bahari. Alichopungukiwa ni chombo. Kila ajuaye desturi ya uvuvi wa pwani yetu anafahamu jinsi mapato yanavyogawanywa: chombo hupata fungu lake, nyavu hupata fungu lake, na kilichobaki ndicho wagawanacho nahodha na mabaharia. Mwenye mikono mitupu hulipwa jasho la siku ile tu. Hata akivua miaka 20, hawezi kununua ngarawa kwa fungu lake, kwa kuwa fungu hilo huishia katika unga na dawa za watoto. Hivyo mwana wa baharia huwa baharia, na tajiri wa chombo hubaki tajiri wa chombo.

Hapana budi tuseme wazi madhara ya hali hiyo. Kwa miaka mingi pwani ya Tanga ilijulikana kwa ubaya wa uvuvi wa baruti. Baruti ni mtaji wa asiye na nyavu. Hununuliwa kwa fedha kidogo, hutupwa mara moja, na samaki hupatikana kwa dakika chache. Lakini huua wazazi pamoja na vifaranga, hupasua matumbawe ambayo hukua kwa makumi ya miaka, na aghalabu imemkata mikono yule aliyeishika. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imeikataza. Mwaka 2009 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti katika pwani hii, kwa ajili ya samaki yule wa ajabu ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Na tangu mwaka 2016 msako mkali umeipunguza baruti sana. Hayo ni mema. Walakini askari wa doria aweza kumnyang'anya kijana baruti, hawezi kumpa nyavu. Nani basi atampa?

Wengi watajibu, Serikali. Kweli, Serikali inayo sehemu yake. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa, ikazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, baada ya fedha nyingi kukopeshwa vikundi hewa au kutorejeshwa, na ilirudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Funzo lake ni hili: fedha itokayo mbali, isiyo na macho ya majirani juu yake, hupotea upesi. Kikundi hewa hakiwezekani mahali ambapo kila mtu amjua mwenziwe kwa jina la baba na la babu.

Basi twapendekeza jambo ambalo si geni kwa watu wa pwani. Tangu zamani wazee wetu wameweka minazi wakfu kwa misikiti yao. Mnazi hauuzwi wala haurithiwi. Nazi zake ndizo ziuzwazo, na fedha yake hununua mafuta ya taa, mikeka na chokaa, mwaka hata mwaka, baada ya mtoaji kuzikwa. Hii ndiyo sadaka isiyokwisha. Kwa nini basi kusiwe na ngarawa ya wakfu na nyavu za wakfu?

Hesabu yake ni nyepesi. Watu wa kijiji, pamoja na watoto wa Tongoni walioko Tanga mjini na Dar es Salaam, wachange chombo kimoja na nyavu halali. Vijana wanne au watano wakabidhiwe. Wavue na kugawana kama desturi, ila fungu la chombo na fungu la nyavu lisiende kwa tajiri, bali liwekwe akiba. Akiba itengeneze chombo kikichakaa, na izidipo inunue chombo cha pili kwa kikundi cha pili. Hivyo mchango wa mara moja huzaa, na kijana hapokei sadaka ya kumfedhehesha. Hupokea kazi, na kwa jasho lake humfungulia mwenziwe njia.

Yaliyo ya ngarawa ni hayohayo kwa mwani. Mkulima wa mwani huhitaji vigingi, kamba na tai-tai, na baada ya wiki sita hivi huvuna. Mara nyingi vifaa hivyo hutolewa na mnunuzi, na apewaye kamba na mnunuzi hawezi kubishana naye juu ya bei. Kamba zikiwa za kijiji, ulimi wa mkulima hufunguka. Chanja za kuanikia, ili mwani usichanganyike na mchanga ukashuka thamani, zaweza kujengwa kwa siku chache na vijana wenyewe.

Atatokea wa kusema kwamba watu wa Tongoni ni maskini, watatoa nini? Huyo amesahau kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwenye minazi atoe mnazi mmoja. Fundi wa vyombo atoe siku zake tatu. Aliyeajiriwa mjini, ambaye kila harusi huchanga bila kuulizwa mara mbili, atoe kiasi cha harusi moja.

Atatokea pia wa kusema kwamba fedha italiwa. Hofu hiyo ni ya haki, nayo haitibiwi kwa viapo. Daftari liandikwe, lisomwe hadharani kila mwezi mbele ya watoaji na wavuvi. Fedha ikae benki kwa sahihi za watu watatu, mmoja wao mwanamke na mmoja kijana. Na kikundi kitakachoonekana na baruti, au na nyavu za matundu madogo yaliyokatazwa, kinyang'anywe chombo siku hiyohiyo, hata kama nahodha ni mtoto wa mwenye kiti.

Ndugu zetu wa Tongoni wanaishi juu ya tongo la mji uliokufa. Vijana wakiendelea kuhamia mjini kutafuta vibarua, na bahari ikibaki bila samaki, litapatikana tongo la pili, nalo halitakuwa na nguzo za kuwavutia wageni. Jambo hili laweza kuzuiwa kwa ngarawa moja kwanza. Wazee na waitishe mkutano, daftari lifunguliwe, na jina la kwanza liandikwe.